Mtu Juu ya Mti: Kicheko na Maana katika Picha ya Kale ya Sebuleni

Wapo wasomaji wa jarida hili ambao hawajapata kuingia katika jumba lolote la makumbusho ya sanaa, lakini sidhani kwamba yupo hata mmoja aliyekulia Mbeya au Iringa ambaye hajapata kuiona picha ninayokusudia kuihakiki. Mtu yuko juu ya mti ulioinamia mto. Ukingoni simba ameketi akimngoja. Majini mamba amefumbua kinywa. Na katika tawi lilelile alilolikumbatia, nyoka anateremka polepole kumwelekea. Picha hii ilitundikwa katika sebule za wazazi wetu kando ya kalenda, picha ya Mwalimu Nyerere na redio iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Ilichorwa katika kuta za migahawa, vibanda vya vinyozi na vilabu vya pombe. Ilijulikana pia Kenya na Kongo, kwa nakala zisizohesabika, zilizochorwa na mikono ambayo majina yake hayakuandikwa popote.

Ninaandika juu yake kwa sababu isiyo shauku ya utoto tu, ingawa shauku hiyo ninayo na sitaificha. Sisi watumishi wa Neno tumeitumia mno picha hii mimbarani, na kwa maoni yangu tumeitumia vibaya. Tumefasiri kila sehemu yake isipokuwa ile ambayo mtu wa kawaida huiona kwanza, yaani kwamba inachekesha.

Nitasema juu ya nakala mbili ninazozifahamu vizuri. Ya kwanza iko Mwanjelwa, jijini Mbeya, katika mgahawa mdogo ambamo nimekunywa chai mara nyingi nikisubiri gari la kwenda Tukuyu. Imechorwa kwa rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya plasta, na moshi wa jiko umeitia ukahawia pembeni. Mtu wake amevaa suruali iliyochanika gotini na shati la mikono mirefu. Kandambili moja imemtoka mguuni, na mchoraji ameikamata ikiwa hewani, nusu ya njia kuelekea kinywani mwa mamba. Mamba mwenyewe ana meno mengi kuliko mamba yeyote aliyeumbwa, yamepangwa kama msumeno, na pembe za kinywa chake zimepinda juu kiasi kwamba hutaweza kusema kwa hakika kama anataka kula au anacheka. Shoka limekwama katika tawi, na tawi limekatwa karibu nusu. Simba ameketi, miguu ya mbele ameikunja, kama abiria aliyekwisha kukata tiketi na hana haraka.

Nakala ya pili ilikuwa Iringa, sebuleni kwa mwinjilisti mstaafu wa Kihesa, imechorwa juu ya hadibodi na kutiwa fremu ya mbao. Hii ni nzito zaidi. Simba wake amesimama, mkia umenyooka. Mto ni mweusi. Uso wa mtu umegeuzwa upande, hauonekani. Lakini chini kabisa mchoraji ameandika kwa herufi kubwa nyeupe maneno mawili: KAZI KWAKO. Nilipokuwa kijana nilidhani kwamba anayeambiwa maneno hayo ni mtu aliye mtini. Ilipita miaka mingi kabla sijatambua kwamba mtu huyo hawezi kuyasoma. Yameandikwa chini ya maji, nje ya dunia yake, na anayeweza kuyasoma ni yule aliyeketi katika kiti cha sebuleni na kikombe mkononi.

Kicheko katika picha hii kinatoka wapi? Kwanza kinatoka katika wingi. Mnyama mmoja angetutia hofu. Wawili wangetufanya tumhurumie mtu yule. Watatu kwa pamoja, kila mmoja amefika kwa njia yake, huyu kwa nchi kavu, huyu kwa maji na huyu kwa matawi, wanavuka mpaka wa yanayosadikika, na hapo ndipo mtazamaji anapocheka. Anacheka kwa kuwa anaifahamu hali hiyo. Kila mkulima wa Ismani aliyepata kukosa mvua, akauguliwa na mtoto, kisha akapokea barua ya deni katika juma moja, anajua kwamba taabu hazina adabu ya kupokezana zamu. Pili kinatoka katika wakati ambao mchoraji ameuchagua. Lau angechora dakika moja baadaye, tungekuwa na picha ya maiti. Dakika tano kabla, tungekuwa na picha ya mkata kuni. Ameuchagua wakati ambao hakuna lililotokea bado, akaufunga hapo, na mtu yule ameendelea kushikilia tawi lake tangu wazazi wetu wakiwa vijana. Tatu, na hili huonekana zaidi katika nakala ya Mbeya, kinatoka katika vitu vidogo. Kandambili ile inayoanguka haina kazi yoyote katika hatari kubwa iliyopo. Ndiyo maana jicho haliwezi kuiacha.

Sasa tuangalie jinsi sisi tunavyoifasiri. Ufasiri unaosikika mara nyingi makanisani mwetu huenda hivi: simba ni Shetani, kama asemavyo Mtume katika 1 Petro 5:8, nyoka ni dhambi ya asili, kwa mujibu wa Mwanzo 3, mamba ni mauti, mto ni dunia, tawi ni maisha mafupi ya mwanadamu, na mtu ni mwenye dhambi aliyeahirisha toba. Nimeusikia ufasiri huu katika semina, katika mikutano ya Injili na katika mahubiri ya majaribio ya wanafunzi. Nimeuhubiri mimi mwenyewe. Una faida moja, kwamba hukumbukwa kwa urahisi. Lakini ni ufasiri wa namna ileile ambayo Agostino aliitumia kwa mfano wa Msamaria Mwema, alipoifanya nyumba ya wageni kuwa Kanisa na mwenye nyumba kuwa Mtume Paulo. Wanafunzi wetu hufundishwa katika mwaka wa kwanza kujihadhari na ufasiri huo katika Maandiko, kisha hupanda mimbarani na kuutenda kwa picha ya ukutani. Luther, katika mihadhara yake juu ya Wagalatia, alisema kwamba istiari haina nguvu ya kuthibitisha fundisho. Hulipamba tu, mfano wa picha. Akasisitiza, hapo na kwingineko, kwamba maana ya wazi ya maneno itangulie.

Basi maana ya wazi ya simba ni simba. Jambo hili halistahili kuchekwa katika Nyanda za Juu Kusini. Kati ya mwaka 1932 na 1947, katika wilaya ya Njombe na maeneo ya jirani, simba wala watu waliwatesa wenyeji kwa miaka kumi na mitano, hata afisa wa wanyamapori George Rushby na askari wake walipowawinda na kuwamaliza. Idadi ya watu waliouawa inayotajwa katika maandishi ni karibu 1,500. Wengi waliamini kwamba simba wale walikuwa wametumwa na watu, na kwa hiyo hofu ya porini ikawa pia hofu ya jirani. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana Ubena katika miaka hiyo. Alipopita mbele ya picha ya mtu juu ya mti hakumtazama nyoka wala mamba. Alimtazama simba, na hakutaja jina la Shetani. Alitaja jina la kijiji, kisha jina la shangazi yake, akaendelea na kazi zake. Mhubiri angeweza kumweleza kwamba simba yule ni ishara, lakini nadhani angekuwa anamnyang'anya kitu.

Hapa tunapata msaada kutoka kwa ndugu zetu wa Kongo. Katika miaka ya 1970 mwanaanthropolojia Johannes Fabian, akiishi Lubumbashi, alikutana na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea historia ya nchi yake katika picha zaidi ya mia moja. Fabian alizichapisha mwaka 1996 pamoja na maelezo ya mchoraji mwenyewe, yaliyosimuliwa kwa Kiswahili cha Katanga. Neno ambalo wachoraji na wanunuzi wa huko walilitumia kueleza thamani ya picha za namna hiyo ni la lugha yetu: ukumbusho. Picha nzuri kwao ni ile inayomfanya mwenye nyumba na mgeni wake waanze kuzungumza. Haikupimwa kwa kufanana na kitu kilichochorwa; ilipimwa kwa yale iliyoyaamsha. Picha ambayo mgeni aliiangalia na kunyamaza ilikuwa imeshindwa kazi yake, hata kama rangi zake zilikuwa safi.

Mwanafunzi wa Matengenezo atalitambua neno hili kwa haraka. Mwaka 1522 Luther alirudi Wittenberg kuwatuliza waliokuwa wakivunja sanamu na picha makanisani, na mwaka 1525, alipoandika dhidi ya wale aliowaita manabii wa mbinguni, alitofautisha picha za kuabudiwa na picha za kumbukumbu na ushuhuda. Hizi za pili alizitetea, hata akatamani zichorwe katika kuta za nyumba ili watu wakumbuke na kuelewa. Sina nia ya kumbatiza mchoraji wa Mwanjelwa awe Mlutheri. Ninachosema ni kwamba katika mapokeo yetu wenyewe tunayo nafasi halali ya picha inayokumbusha bila kufundisha, na kwamba tumekuwa wepesi mno kuigeuza kila picha kuwa katekisimu.

Nisieleweke vibaya: hii ninayoizungumzia si Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, akafariki mwaka 1972, na shule aliyoiacha imetupatia heshima duniani. Lakini walionunua kazi zile kwa wingi walikuwa wageni, na tembo na twiga wake wanatazamwa vizuri na mtu anayekaribia kupanda ndege. Picha ya mtu juu ya mti haikumngoja mgeni. Ilinunuliwa na mwalimu wa shule ya msingi, na karani wa reli ya TAZARA, na mama muuza mgahawa, kwa ajili ya macho yao wenyewe.

Wanafunzi wa historia ya Kanisa watakuwa wameanza kukumbuka hadithi nyingine. Mtu anamkimbia mnyama mwenye pembe moja, anatumbukia shimoni, anashika kichaka. Chini yake joka limefunua kinywa. Panya wawili, mweupe na mweusi, wanaguguna mizizi. Nyoka wanne wanachomoza vichwa miguuni pake. Kisha anaona asali ikidondoka matawini, anaanza kuilamba, na anasahau yote. Hadithi hii ni ya kale sana. Inapatikana katika Mahabharata ya Wahindi. Imo katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu katika karne ya 8. Ilipokelewa na Wakristo katika kisa cha Barlaam na Yosafati, ambacho kwa karne nyingi kilidhaniwa kuwa ni kazi ya Yohana wa Dameski na ambacho, ajabu ya Mungu, ni maisha ya Buddha yaliyovikwa kanzu ya kitawa. Benedetto Antelami aliichonga juu ya mlango wa nyumba ya ubatizo huko Parma, Italia. Tolstoy aliisimulia katika ungamo lake kama picha ya maisha yake mwenyewe.

Kufanana kwa hadithi hii na picha yetu hakuthibitishi kwamba moja imeizaa nyingine, na kwangu tofauti zinafundisha zaidi. Katika hadithi ya watawa kuna asali. Asali ndiyo hoja yote: mtu yule anahukumiwa kwa sababu, akiwa katikati ya mauti, analamba utamu. Katika nakala zetu hakuna asali. Badala yake kuna shoka. Mtu huyu hakuwa akistarehe. Alikuwa akitafuta kuni. Balaa limemkuta kazini, mahali ambapo maelfu ya mama na baba zetu hukutwa na balaa, na mhubiri anayemwita mtu wa anasa atuonyeshe kwanza katika picha hiyo anasa iko wapi.

Najua nitajibiwa kwamba tawi limekatwa nusu, na kwamba mkataji ameketi juu yake. Ndivyo ilivyo katika nakala ya Mbeya. Katika mgahawa ule nimewahi kumsikia dereva mmoja akisema, "Mchimba kisima huingia mwenyewe," na meza nzima ikacheka. Upumbavu wa mtu huyu hauwezi kukanushwa, na ni sehemu ya kichekesho. Lakini angalia: shoka lake limekwama pale lilipofika wanyama walipotokea. Kosa lake ni la fundi asiyepanga kazi yake vizuri. Kati ya kosa hilo na adhabu ya simba, mamba na nyoka kwa pamoja hakuna uwiano wowote, na mtu mwenye akili timamu hacheki kwa kuona haki imetendeka. Anacheka kwa sababu uwiano haupo.

Sasa sina budi kusimulia jambo ambalo ningependa lisingekuwa langu. Nilikuwa mchungaji kijana katika usharika mmoja wa mkoa wa Iringa. Ilikuwa miaka ambayo ukimwi ulikuwa bado ukitujazia makaburi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2007 na 2008 ulionyesha kwamba katika mkoa huo, ambao wakati ule ulijumuisha pia Njombe, zaidi ya asilimia 15 ya watu wazima wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wakiishi na virusi. Nilizika kijana wa miaka ishirini na tisa. Nikahubiri juu ya mtu juu ya mti. Nilieleza simba ni nani, nyoka ni nani na mamba ni nani, na kwa ufasaha ambao leo unanitia aibu nikasema kwamba kila mtu hulipanda tawi lake kwa miguu yake mwenyewe. Sikumtaja marehemu. Hakukuwa na haja. Mama yake aliketi juu ya mkeka, hakulia wala hakuinua uso.

Baada ya mazishi akasimama mzee mmoja Mngoni, mtani wa ukoo ule. Wasomaji wa sehemu zetu wanajua kwamba Wangoni na Wahehe walipigana vikali katika karne ya 19 na kwamba wajukuu wa vita hivyo leo hutaniana, hasa msibani. Mzee alikuwa amekwisha kulala karibu na kaburi akidai kwamba marehemu alikuwa na deni lake la mbuzi. Sasa akanigeukia, akavua kofia yake kwa heshima zote, akasema: "Baba Mchungaji, nimeisikia picha. Simba nimemwona, nyoka nimemwona, mamba nimemwona. Nauliza tu, aliyekuwa akiangalia yote haya kutoka ng'ambo ya mto, nyumbani kwake hakuwa na kamba?" Watu walicheka. Mama wa marehemu naye alicheka, akafunika uso kwa kanga, na kutoka katika kicheko hicho ndipo kilio chake kilipoanza, ambacho hakikuwa kimetoka kwa siku tatu.

Mtani yule alikuwa amesoma picha kuliko mimi. Aliona kwamba ina mtu wa pili, ambaye hakuchorwa kwa sababu ndiye anayetazama. Mchoraji wa desturi hii huliweka jicho letu ng'ambo ya mto, mahali pakavu, pasipofikiwa na mnyama yeyote kati ya wale watatu. Nilikuwa nimehubiri kutoka hapo. Na maneno KAZI KWAKO, niliyoyafahamu tangu ujana wangu katika sebule ya Kihesa, siku ile yalikuwa yakinisoma mimi.

Je, Maandiko yanaijua picha hii? Katika Amosi 5:19 nabii anawasimulia watu walioitamani siku ya Bwana juu ya mtu aliyemkimbia simba akakutana na dubu, kisha akafika nyumbani, akauegemea ukuta, akaumwa na nyoka. Wafafanuzi wengi huharakisha kuufikia mstari unaofuata, ule wa giza, na hawatui kidogo kuona kwamba nabii amesimulia kichekesho. Wanyama watatu, kama wetu. Pumzi inayotolewa mlangoni, mkono unaopumzika ukutani, kisha nyoka. Naamini waliomsikiliza walicheka, kwa kuwa kisa hakikuwa chao. Na walikuwa bado wanacheka walipogundua kuwa ni chao. Ni njia ileile ya Nathani mbele ya Daudi, isipokuwa Nathani alitumia hasira na Amosi alitumia kicheko. Tena, Amosi hakuwaelekezea maneno haya wafiwa wala maskini. Aliwaelekezea watu wa ibada, waliokuwa na hakika kwamba siku ile itawakuta ng'ambo salama. Tukiitumia picha ya sebuleni kwa mfano wa Amosi, wa kwanza kuketi mbele yake ni wachungaji.

Kicheko, hata hivyo, si kitu kimoja, na sipendi kukisifu kana kwamba kila kicheko ni neema. Huko Roma, katika kilima cha Palatino, uligunduliwa mwaka 1857 mchoro uliokwaruzwa ukutani katika karne za mwanzo za Ukristo: mtu mwenye kichwa cha punda ametundikwa msalabani, na mwingine amesimama chini akimwabudu, na maandishi ya Kigiriki yanasema kwamba Aleksameno anamwabudu mungu wake. Huo nao ni mchoro wa kuchekesha. Aliyeuchora alicheka akiwa amesimama chini, kama wale wapita njia wa Mathayo 27 waliotikisa vichwa na kumtaka Yesu ashuke. Mtani wa Kingoni alicheka kwa namna nyingine kabisa. Alikuwa amelala chini karibu na kaburi, nguo zake zimejaa udongo, na alikuwa amechimba kaburi lile tangu alfajiri. Luther mwenyewe, alipomwandikia Hieronymus Weller mwaka 1530, kijana aliyelemewa na huzuni, alimshauri atafute watu, anywe, atanie na kumdhihaki Shetani. Aliandika hayo akiwa Coburg, katika miezi ya hatari na maradhi yake mwenyewe. Barua ile ingekuwa na ladha mbaya sana kama ingeandikwa na mtu asiyeijua huzuni.

Mwaka jana nilizionyesha nakala zote mbili darasani, kwa picha nilizozipiga. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono kabla sijamaliza kueleza, akasema kwamba mtu juu ya mti ni Kristo. Nilimzuia, na bado nadhani nilifanya vema kumzuia, kwa sababu alifika huko kwa kuruka. Mtu wetu ana kandambili moja, suruali iliyochanika na shoka alilolitumia kipumbavu. Tukimfanya kuwa Kristo kwa haraka tutakuwa tumemwacha peke yake mtini mara ya pili. Lakini sikuweza kulizuia sikio langu. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, Mtume Petro anaposema juu ya msalaba (1 Petro 2:24), neno ni mti. Mtu yeyote aliyelelewa katika ibada zetu anapolitaja jina la picha hii analitaja pia neno hilo, apende asipende. Nilimwambia mwanafunzi aandike insha na aanze na kandambili. Aliandika kurasa tisa. Zile sita za kwanza zilikuwa nzuri.

Mwinjilisti wa Kihesa alifariki, na picha yake imechukuliwa na mjukuu wake aliyeko Makambako. Nakala ya Mwanjelwa ingalipo, ingawa mwenye mgahawa anasema atapaka ukuta rangi mpya. Kwa hiyo nilimtafuta kijana mmoja anayechora mabango jirani na soko, nikamwomba anichoree nakala juu ya hadibodi kwa ajili ya ofisi yangu chuoni. Aliijua bila kuonyeshwa. Alipima ubao kwa viganja, akataja bei, akaniambia kwamba mnyama wa nne hana malipo ya ziada nikimtaka. Nikamwambia watatu wanatosha. Kisha akauliza, akiwa na penseli mkononi, "Na tawi, Baba Mchungaji, nilichore nene au jembamba?" Nilikaa kimya kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia, kisha nikamwambia alichore kama alivyozoea.